Ng'ombe wa Jirani Wakila Mahindi Yako, Hesabu Kabla ya Kugombana

Ndugu wakulima, kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kilimo, na kila msimu wa mahindi naona jambo moja. Mkulima huja na hasira, asema ng'ombe wa jirani wamemaliza shamba lake. Tukimwuliza ni mimea mingapi, hujibu, "Mingi mno." Tukimwuliza ni lini, asema yapata wiki mbili, tena amekwisha kulima pale na kupanda maharagwe. Mtu huyo ana haki, lakini haki yake haina ushahidi.

Maoni yangu ni kwamba katika mashauri ya namna hii hashindi mwenye sauti kubwa, hushinda aliyehesabu mapema.

Sisi wa skimu twalihitaji jambo hili sana. Tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, watu waliotoka mahali mbalimbali wamepewa mashamba yanayopakana. Jirani yako hukumchagua, wala hutamhama. Mashamba mengi yamegawiwa watoto, na njia ya ng'ombe kwenda mtoni yapita kando ya mahindi ya mtu.

Basi fanya hivi siku ile ile:

1. Waondoe ng'ombe bila kuwadhuru. Kumkata ng'ombe kwa panga ni kosa la jinai. Wewe uliyekosewa utageuka mshtakiwa.

2. Mwite jirani mwenyewe pamoja na mzee wa kijiji, waone nyayo na mahindi kabla mvua haijafuta alama. Piga picha kwa simu.

3. Mwite afisa wa kilimo wa wadi aandike ripoti ya hasara. Usilime wala usipande tena kabla hajafika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, huwa mimea kama 18,000 katika ekari. Ikiwa mimea 3,000 imeharibika kabisa, hiyo ni sehemu moja katika sita. Kama ekari yako hutoa magunia 18, umepoteza magunia 3. Zidisha kwa bei ya soko, kisha ondoa gharama ambazo hukuzitumia, kama za kuvuna na kupukuchua. Usiongeze hata gunia moja la uongo, kwa maana afisa atalijua, na hapo hata yale ya kweli hayataaminiwa.

Ukiwa na hesabu hiyo, nenda kwanza kwa jirani. Mkipatana, andikeni kiasi na siku ya kulipa, mtie sahihi mbele ya mashahidi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yasema mahakama ziendeleze upatanisho. Chifu aweza kuwasuluhisha, lakini si hakimu, wala hana uwezo wa kumtoza mtu faini.

Jirani akikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai ya hasara ya mali yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria yataka shauri liishe kwa siku 60. Mahali isipokuwapo, peleka shauri kwa hakimu wa mahakama ya kawaida. Usikawie, kwa kuwa madai ya hasara kama hii yana mwisho wa miaka mitatu. Na kama jirani huleta ng'ombe kwa makusudi, piga ripoti polisi, kwa sababu kulisha mifugo katika shamba la mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sura ya 294 ya sheria zetu.

Wako wasemao kwamba kuandika ni kutafuta uadui. Mimi naona kinyume chake. Maneno "umeniharibia shamba" hayalipiki, na watoto huyarithi. Magunia matatu hulipika, na yakilipwa neno limekwisha.

Nawe mwenye ng'ombe, usingoje kuitwa. Ziba ua wako, na ng'ombe wakitoroka, nenda mwenyewe ukahesabu pamoja na jirani. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo hukulinda wewe pia, usije ukadaiwa zaidi ya walichokula ng'ombe wako.