Chaki za Degas na Msamiati wa Ndau

Uhakiki wa Kiswahili umezoea shairi, riwaya na tamthilia. Mbele ya picha hukosa kauli. Mhadhiri anayetaka kuzungumzia kazi za Edgar Degas, msanii wa Ufaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1834 na kufariki mwaka 1917, mara nyingi huhamia Kiingereza, kisha hudai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hilo halina budi kupingwa, na ushahidi wa kulipinga umo katika visiwa vya Lamu.

Degas alichora wacheza baleti, madobi na wanawake waliokuwa wakioga. Kadiri macho yake yalivyodhoofika ndivyo alivyozidi kuegemea pasteli, yaani vijiti vya rangi iliyosagwa na kushikanishwa kwa gundi kidogo. Aliweka tabaka la kwanza, akalinyunyizia dawa ili unga usipukutike, kisha akaongeza jingine kwa mistari iliyoachana, rangi ya chini ikichungulia kupitia ile ya juu. Pengine aliilowanisha kwa mvuke hadi ikalainika kama uji, akaitandaza kwa brashi.

Kazi ya tabaka juu ya tabaka si ngeni Ndau, kisiwa cha Wabajuni kilicho kati ya Pate na Kiwayu. Katika pwani hiyo ya wavuvi na mabaharia, kila hatua ya kuhudumia chombo cha mbao ina jina lake. Chombo hutiwa kalafati, nyufa zikazibwa kwa pamba. Sehemu izamayo majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Mbao nyingine hupakwa sifa, mafuta ya papa. Majahazi ya Lamu hata huwekewa macho ya rangi kwenye omo.

Wako watakaosema kwamba maneno ya chombo hayafai picha. Wanasahau historia ya uhakiki wenyewe. Mizani ilipima bidhaa kabla ya kupima mishororo. Taswira ilikuwa picha kabla ya kuwa dhana ya ushairi. Ikiwa ushairi uliruhusiwa kukopa sokoni, uhakiki wa picha hauna sababu ya kuona haya kukopa pwani. Neno pasteli na libaki, kwani ni jina la kitu. Kinachohitajika ni vitenzi vya kuueleza mkono wa msanii: kuziba, kukandika, kusiriba, kudeheni, kukoleza. Vyote vipo.

Hata hivyo, havitadumu bila kutumiwa. Boti ya faiba haihitaji kalafati wala deheni, na fundi asiye na kazi hana wa kumrithisha maneno yake. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinavyofanya ziara za kitaaluma vingefaa kuwaendea mafundi wa Ndau na kuyarekodi maneno hayo, kisha kuyajaribu darasani mbele ya picha za Degas. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.