Nyanya Katika Nchi ya Theluji

Wako wanaodhani kwamba wakulima wa nchi za theluji hawana la kufanya ila kungoja meli ilete mboga. Iceland, kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya, imeonyesha vingine. Mjini Reykjavik joto la Julai, ambao ndio kiangazi chenyewe, ni kama nyuzi 12 tu, na katika Desemba jua huonekana kwa muda wa saa nne hivi kwa siku. Viazi na kabichi hustahimili kulimwa nje. Nyanya hazikubali.

Lakini tangu mwaka 1924 wakulima wa huko wamekuwa wakiyaelekeza maji ya moto yatokayo ardhini kwenye nyumba za vioo. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha serikali cha kilimo cha bustani huko Reykir, karibu na mji wa Hveragerði. Jambo hili lawahusu sana walimu. Chemchemi hizo zilikuwako tangu kale, na watu walizitumia kufulia nguo. Kilichokosekana ni elimu ya kuzilimia.

Chuoni humo hata migomba imepandwa, na kuzaa huzaa. Ila jua la huko ni haba, ndizi huchelewa mno, wala haziwezi kushindana sokoni na zile ziletwazo kwa meli. Kuziacha ziwe za mafunzo ni uamuzi wa busara, kwani kulima kila kitu kwa ajili ya sifa si kujitegemea.

Nyanya, matango na pilipili hoho ni jambo jingine. Mwaka 2002 serikali iliondoa ushuru wa forodha kwa mazao hayo, na badala yake ikawapa wakulima wake ruzuku moja kwa moja. Mnunuzi akapata nafuu, na mkulima hakutupwa.

Tatizo lililobaki ni umeme. Joto hutoka ardhini, lakini nuru ya majira ya giza hutoka kwenye taa. Viwanda vya alumini peke yake hutumia zaidi ya nusu ya umeme wote wa nchi. Huleta fedha za kigeni, na hakuna mwenye akili atakayevibeza. Lakini gharama za umeme zikipangwa kwa kumtazama mteja mkubwa peke yake, mwenye bustani atazima taa zake mwezi Novemba, na nyanya zitarudi kuletwa kwa meli. Watumishi wa serikali wanaohusika hawana budi kuihesabu bustani kuwa kiwanda cha taifa, na kuipangia gharama inazoweza kuzimudu kabla giza halijaingia.