Tamko Kuhusu Tangawizi na Usalama wa Mgonjwa

Chama hiki, kinachowaunganisha wafamasia wa Upanga na wauza viungo wa Kariakoo, kinautangazia umma na mamlaka husika yafuatayo:

1. Tangawizi ni chakula chenye heshima yake. Hulimwa Same na kwingineko nchini, hushushwa Kariakoo kwa magunia, hutiwa kwenye chai ya rangi, kahawa na juisi ya miwa. Chama hakina neno na kikombe hicho.

2. Wakati wa janga la UVIKO-19, tangawizi ilitoka jikoni ikaingia kwenye orodha ya kinga. Februari 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Dorothy Gwajima, alionyesha mbele ya waandishi wa habari namna ya kuisaga pamoja na vitunguu, malimao na pilipili. Leo wapo wanaoinywa kama dozi, kwa wingi na kila siku.

3. Dozi kubwa haimfai kila mtu, na hawa wanapaswa kujihadhari:

(a) Anayetumia warfarini, aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa hatari ya kutokwa damu inaweza kuongezeka. Utafiti haujafikia kauli moja. Hiyo ni sababu ya kujihadhari, si ruhusa ya kuinywa bila kipimo. Jambo hili linawagusa wafamasia wetu kwa karibu, kwani Upanga ndiko ziliko Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mgonjwa wa moyo aliyewekewa valvu ya chuma huhitaji warfarini maisha yake yote.

(b) Anayesubiri upasuaji.

(c) Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo, kwani tangawizi huchochea nyongo kutiririka.

(d) Anayetumia dawa za kisukari au presha, ambaye sukari au presha yake inaweza kushuka kupita kiasi.

(e) Mwenye kiungulia cha mara kwa mara.

(f) Mjamzito anayetokwa damu au aliyekaribia kujifungua. Kiasi kidogo, takriban gramu 1 kwa siku, hutumika kutuliza kichefuchefu cha ujauzito. Zaidi ya hapo amuulize mkunga au daktari.

4. Msimamo wa Chama ni kwamba uasili wa kitu si hati ya usalama wake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliipa tiba asili nafasi yake. Mwenye nafasi ana wajibu. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa anachokunywa kabla ya kutoa fedha yake.

5. Kwa hiyo Chama kimeazimia kwamba mwanachama anayeuza mchanganyiko wenye tangawizi ataandika kwenye chupa vyote vilivyomo, na hatamshauri mteja kuacha dawa za hospitali. Mwanachama mfamasia, kabla ya kutoa warfarini, atamuuliza mgonjwa kuhusu viungo na mitishamba anayotumia.

6. Chama kinaliomba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala litoe maelezo ya tahadhari kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe masokoni na kliniki.

7. Kila mgonjwa anaombwa asiache dawa yake, wala asimfiche daktari anachokunywa nyumbani.

Limetolewa Upanga, Dar es Salaam, kwa niaba ya wanachama wote.