Seva Itafanya Kazi Gani?
Waandaaji programu wakikutana hawakawii kubishana kuhusu zana za seva: PHP imezeeka, Node.js ndiyo mpango mzima. Mimi huuliza kwanza seva itafanya kazi gani. WhatsApp ilijengwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, kwa sababu ilihitaji kushikilia mamilioni ya mawasiliano kwa wakati mmoja, na moja likikatika mengine yasitikisike. Facebook ilianza na PHP mwaka 2004. Watumiaji walipofurika haikuitupa, iliunda mtambo wake wa kuiendesha kwa kasi zaidi (fedha ilikuwa nazo, tukumbuke). Duka la mtandaoni lenye wateja mia kwa siku halina shida hizo; likikwama, mara nyingi ni hifadhidata isiyo na faharasa, na kuhamia lugha nyingine hakutaiongezea faharasa hiyo.