Kuandika Wasia si Uchuro

Kila Ijumaa Gazeti Rasmi la Serikali hutoka likiwa na kurasa zilizojaa majina ya marehemu. Hayo ni matangazo ya mirathi: fulani wa kijiji fulani alifariki tarehe fulani, na mjane, mwana au ndugu yake ameiomba mahakama kibali cha kuisimamia mali aliyoiacha. Mwenye pingamizi hupewa siku 30 ajitokeze. Sehemu kubwa ya marehemu hao hutajwa kuwa walifariki bila kuacha wasia. Nao hawakuwa mabubu. Yamkini kila mmoja wao alinena mengi juu ya shamba lake na nyumba yake, barazani na mezani, ila hakuna neno hata moja alilolifikisha pale ambapo lingeweza kusikika baada yake.

Kwa nini hali iwe hivi? Wapo wasemao kwamba watu wetu hawaijui sheria, na wengine kwamba wasia ni mambo ya matajiri. Mimi, nikiwa mwalimu wa isimu, naona kwamba chanzo kikubwa zaidi kimo katika uhusiano wetu na maneno. Tunayaogopa maneno yasiyo na nguvu na kuyaamini mengine yasiyo na nguvu, huku tukiyakwepa yale yaliyo na nguvu kweli.

Neno tunaloliogopa ni kifo. Mzee akitamka mbele ya wanawe, "nitakapokufa," atakatizwa upesi: asijitabirie, asilete uchuro. Lakini hakuna mauti yaliyowahi kuitwa na kalamu. Neno tunaloliamini, kwa upande mwingine, ni lile la baba akinyoosha kidole na kusema, "Kutoka mti ule hadi mtoni ni kwa Fulani." Jamaa huitikia kwa kichwa na kuondoka wakidhani kwamba jambo limekwisha. Halijakwisha, maana mbele ya hakimu kidole hakina ushahidi.

Kamusi zetu huyaweka maneno usia, wosia na wasia karibu karibu kama visawe, nayo yote asili yake ni Kiarabu. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku usia umeelekea kuwa nasaha, na wasia kuwa agizo kuhusu mali. Katika usia hatuna mshindani. Mwana Kupona wa Pate, alipohisi ugonjwa umemzidi, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mnamo mwaka 1858, na hadi leo unasomwa katika vyuo vyetu. Twausoma kwa sababu uliandikwa. Wazee wangapi wa zama zake waliwausia wana wao kwa ufasaha uo huo, na maneno yao yakazikwa pamoja nao?

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alionyesha kwamba yapo maneno ambayo hayaelezi jambo bali hulitenda. Miongoni mwa mifano yake ya kwanza ni kauli ya wasia, mtu anapomwachia nduguye saa. Kauli kama hiyo hailetwi mbele yetu ili tuseme ni kweli au ni uongo. Hutenda ikiwa masharti yake yametimia. Yasipotimia, huwa ni sauti tupu.

Masharti ya Kenya yamo katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Si mazito. Mtu yeyote mzima mwenye akili timamu, mwanamume au mwanamke, aliyeoa au kuolewa na asiyeoa au kuolewa, aweza kuandika wasia. Autie sahihi, nao mashahidi wawili au zaidi watie zao. Shahidi asiwe yule anayeachiwa kitu, wala mume au mke wake. Vinginevyo alichoachiwa chaweza kubatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiofaidika. Amtaje msimamizi, ambaye Kiswahili kimempa jina la wasii, na akiwa na watoto wadogo amtaje mlezi wao. Karatasi ya kawaida yatosha, na sheria hiyo haikudai kwamba wasia uandikwe kwa Kiingereza. Ajuaye Kiswahili na aandike kwa Kiswahili. Kutafsiri ni kazi ya baadaye.

Ni kweli kwamba sheria inautambua pia wasia wa mdomo. Lakini sharti usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji awe amefariki katika muda wa miezi mitatu tangu aliponena, isipokuwa kwa askari na mabaharia walio kazini. Baba aliyeonyesha mipaka kwa kidole miaka 10 kabla ya kufa kwake hakuacha wasia.

Hatari ya kutegemea midomo tuliishuhudia katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Kesi ile haikuwa ya mali bali ya mahali pa kumzika, lakini somo lake ni lile lile. Mashahidi wa mjane wake walieleza kwamba marehemu alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Mashahidi wa ukoo walieleza kwamba alitaka kulala kwa baba zake, Siaya. Kila upande ulikuja na maneno ya mtu mmoja, naye hakuwapo kuyafafanua. Mwili wake ulikaa miezi mitano kabla ya kuzikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Ikiwa hayo yalimpata mwanasheria, sisi wengine tunategemea nini?

Hata anayeandika hana budi kuyapima maneno yake. "Ndugu yangu" kwa Kiswahili aweza kuwa wa tumbo moja, binamu au mtu wa kijiji kimoja. "Mama" ni aliyekuzaa, na pia ni mke mwenza wake. "Watoto wangu" kwa wengi wetu ni pamoja na wa kaka. Akiandika "Namwachia Juma ng'ombe wangu," sarufi yenyewe haisemi kama ni ng'ombe mmoja au zizi zima. Basi yaandikwe majina kamili na nambari za vitambulisho, na shamba litajwe kwa nambari ya hatimiliki, si kwa mti ambao utakatwa kuni.

Asiyeandika, sheria humwandikia. Mjane au mgane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake, na haki ya kuitumia mali iliyosalia maishani mwake. Kisha watoto hugawana sawa, bila kuulizwa nani ni wa kiume na nani ameolewa. Palipo na wake wengi, hutazamwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi. Mashemeji wanaomtoa mjane nyumbani na kuuza ng'ombe kabla matanga hayajaisha wajue kwamba kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa linaloadhibiwa kwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini haki ya kortini ina mwendo wa kobe. Waziri wa zamani Mbiyu Koinange alifariki mwaka 1981, na zaidi ya miaka 30 baadaye mali yake bado ilikuwa ikigombewa mahakamani.

Wasia nao una mipaka. Mwenye mali akimwacha mtegemezi wake bila kitu, mtegemezi huyo aweza kuiomba mahakama impe fungu. Kwa Waislamu mirathi hufuata sheria ya dini yao, na Katiba ya 2010 imewapa Makadhi mamlaka hayo ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa nao. Huko hulipwa kwanza gharama za mazishi na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ni cha warithi.

Walimu wenzangu nawakumbusha jambo moja zaidi. Fedha za vyama vya akiba na mikopo, bima na malipo ya uzeeni aghalabu hufuata jina lililo katika fomu ya kumtaja mrithi. Fomu hiyo mwalimu huijaza siku za kwanza za ajira, angali kijana, akamwandika mama yake. Miaka 20 baadaye ana mke au mume na watoto, na fomu ni ile ile. Nao vijana wajue kwamba ndoa huuvunja wasia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa uwe uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo.

Wapo watakaosema kwamba wasia huwatia watoto tamaa na kumhatarisha mzazi. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana tumesikia mengi. Lakini mashahidi hushuhudia sahihi tu. Si lazima wayasome yaliyomo. Wasii aelezwe mahali karatasi ilipo, basi. Na mwenye kuandika aweza kubadili kila alipendalo maadamu yu hai na akili yake ni timamu. Kwa hakika, mali isiyo na maandishi ndiyo inayoalika tamaa, kwa kuwa kila mmoja hutumaini kuwa yote ni yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika madarasa yetu twawafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi, risala, kumbukumbu za mikutano na tawasifu. Sioni kwa nini wasia usiwemo katika orodha hiyo. Mwanafunzi aliyeuandika mmoja kama insha, akajua mashahidi ni wangapi na kwa nini "ndugu yangu" haitoshi, atarudi nyumbani na swali la kumwuliza mzazi wake. Na mzazi, akiulizwa kwa heshima na mtoto wake mwenyewe, huenda akaitafuta kalamu.