Kifungo Kisichoandikwa na Hakimu



Juma hili tunawaalika kutafakari adhabu isiyomo katika kitabu chochote cha sheria. Hakimu humfunga kijana miaka mitatu. Ndugu na marafiki humfunga maisha. Wazazi wa mchumba hurudisha mahari kabla shauri halijasikilizwa. Mtoto huambiwa baba amesafiri. Mama pekee ndiye abebaye kapu la chakula hadi lango la gereza.

Wapo wanaotetea jambo hili wakisema: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sisi twawauliza: nani amethibitisha kwamba alijidunga? Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani. Tena yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kijana aweza kukaa mahabusu miaka akisubiri hukumu. Akiachiwa huru, hakuna mahakama ya kumrudishia mchumba wala urafiki uliokatwa.

Na aliye na hatia je? Umri wa miaka 18 hadi 25 ndio wa kuchagua mwenzi na kujifunza kuaminiwa. Tukimkatia mahusiano yote, rafiki watakaombakia ni wale wa selo tu. Kisha akirudia uhalifu, twashangaa! Wahenga walisema pia kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Mbona methali hiyo haitajwi?

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwombea Onesimo kwa Filemoni apokewe kama ndugu mpendwa. Alhamisi Kuu ya tarehe 28 Machi 2013, Papa Fransisko aliwaosha miguu vijana 12 katika gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, wakiwemo wasichana na wasio Wakristo. Hakuuliza kwanza makosa yao.

Basi twasema wazi: Jumuiya Ndogo Ndogo inayosali rozari kila juma huku mwana wake akisahaulika gerezani, sala yake ina pengo. Mwandikieni barua. Msindikizeni mama yake siku ya kumtembelea. Mtoto aambiwe ukweli kwa upole. Na siku atakapotoka, awepo mtu wa kumpokea langoni.

Mungu awabariki nyote.