Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Super Bowl Machoni pa Ulimwengu



Kila mwaka, katika Dominika moja ya mwezi Februari, Marekani karibu yote huketi kutazama fainali ya ligi yake ya futiboli, mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Fainali hiyo huitwa Super Bowl. Kwetu Afrika Mashariki huanza yapata saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati walio wengi wamelala. Hata hivyo, kunapokucha vijana wetu wamekwisha kuona katika simu zao vipande vya nyimbo za wakati wa mapumziko, matangazo ya biashara na shangwe za washindi. Mchezo wenyewe hatukuutazama, lakini kishindo chake kimetufikia.

Inafaa basi kujiuliza: ulimwengu huona nini unapotazama sherehe ya taifa moja? Na taifa hilo lenyewe, je, huona kila kilichopo uwanjani mwake? Swali hili si la Wamarekani peke yao. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, limezipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa AFCON 2027. Zamu yetu ya kutazamwa inakaribia.

Sikukuu ya taifa moja

Super Bowl ya kwanza ilichezwa tarehe 15 Januari 1967 mjini Los Angeles, ambapo Green Bay Packers waliwashinda Kansas City Chiefs kwa pointi 35 kwa 10. Tangu hapo imekua hadi kufanana na sikukuu ya kitaifa: familia hukusanyika, vyakula huandaliwa, majirani hualikana. Mwezi Februari 2025, Philadelphia Eagles walipoibuka mabingwa huko New Orleans, watazamaji nchini Marekani walikadiriwa kuwa takriban milioni 127. Tangazo la biashara la sekunde 30 lilifikia bei ya dola milioni 8.

Timu zote 32 za ligi hiyo ni za Marekani, lakini bingwa wake amezoea kuitwa bingwa wa dunia. Kwa miaka mingi ilisemwa pia kwamba watu bilioni moja huitazama fainali hiyo duniani kote. Takwimu za ligi yenyewe za mwaka 2024 zilitaja watazamaji wapatao milioni 62 nje ya Marekani. Ni wengi, lakini ni mbali sana na bilioni. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022 kati ya Argentina na Ufaransa, kwa hesabu ya FIFA, iliwafikia watu karibu bilioni 1.5.

Hatusemi haya ili kuwacheka Wamarekani. Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hakuna taifa ambalo halijawahi kudhani kuwa uwanja wake ndio kitovu cha ulimwengu.

Mchezo mmoja, macho mengi

Wanaotazama kutoka nje hawaoni kitu kimoja. Mexico na Canada ni majirani, na mashabiki wao wanazijua sheria za mchezo huo tangu zamani. Uingereza imekuwa ikipokea mechi za ligi hiyo karibu kila mwaka tangu 2007, Ujerumani tangu 2022, na Brazil ilipokea ya kwanza mwaka 2024. Shabiki wa Ujerumani hukesha hadi karibu na alfajiri. Mwenzake wa Ufilipino hutazama Jumatatu asubuhi, wakati wengine wanakwenda kazini.

Wengine, na pengine ndio wengi, huona muziki tu. Tangu Michael Jackson alipotumbuiza mwaka 1993, dakika za mapumziko zimekuwa jukwaa linalofuatiliwa hata na watu wasiojua pointi zinavyohesabiwa. Mtu wa Colombia alimwona Shakira mwaka 2020, na mtu wa Barbados alimwona Rihanna mwaka 2023. Kila mmoja alimtafuta wa kwao.

Vijana wa Afrika nao huona mlango wa riziki. Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Kinigeria, alitwaa Super Bowl mara mbili akiwa na New York Giants, na baadaye akaiongoza kazi ya ligi hiyo ya kutafuta vipaji barani Afrika. Daniel Adongo wa Kenya, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Kumtamania mtoto wetu mafanikio kama hayo si dhambi. Lakini anayetazama mlango lazima pia aulize ndani kuna nini.

Fulana ya ushindi usiokuwapo

Kuna jambo moja la Super Bowl ambalo limefika Afrika mikononi na mgongoni, si katika simu. Washindi hupaswa kuvikwa fulana na kofia za ubingwa dakika chache baada ya filimbi ya mwisho. Kwa hiyo nguo hizo huchapishwa mapema kwa timu zote mbili. Zile za walioshindwa haziruhusiwi kuuzwa Marekani, maana zinatangaza ushindi ambao haukutokea. Kwa miaka mingi zimekabidhiwa mashirika ya misaada ili zigawiwe nchi za mbali. Mwaka 2011, Pittsburgh Steelers waliposhindwa na Green Bay Packers, fulana zilizowatangaza Steelers kuwa mabingwa zilipangiwa kwenda Zambia, Nicaragua, Armenia na Romania.

Sisi tunaoijua mitumba hatuwezi kuidharau nguo safi isiyowahi kuvaliwa. Anayemvika aliye uchi amemvika Kristo (rej. Mt 25:36). Hata hivyo, mwaka huo baadhi ya watu wanaofanya kazi za misaada walihoji utaratibu huo, na hoja yao ina uzito. Je, msaada huu ulianzia katika hitaji la maskini, au katika hitaji la mwenye ghala la kuondoa kile ambacho hataki kionekane kwake? Mjane wa Injili hakutoa kilichobaki, alitoa kile alichokihitaji mwenyewe (rej. Mk 12:41-44). Fulana hiyo inatuonyesha kwamba kutazama kumekuwa kwa upande mmoja. Ulimwengu unaiona Marekani usiku kucha, lakini Marekani haimwoni mtu anayeivaa fulana ile. Amechaguliwa kuivaa kwa sababu yuko mbali na macho.

Jicho la mgeni

Lakini yupo Mwafrika mmoja ambaye kutazama kwake kuliibadilisha futiboli ya Kimarekani. Dkt. Bennet Omalu, Mkatoliki mzaliwa wa Nigeria, alihamia Marekani mwaka 1994 akiwa daktari kijana. Mwezi Septemba 2002 alikuwa akifanya kazi ya uchunguzi wa maiti mjini Pittsburgh, ulipoletwa mwili wa Mike Webster, aliyefariki akiwa na miaka 50. Webster alikuwa ametwaa Super Bowl mara nne na Pittsburgh Steelers, na mji mzima ulimjua. Omalu hakumjua. Hakukulia katika mchezo huo na hakuwa na timu ya kuishabikia.

Mji ulipomwona shujaa wa uwanjani, yeye aliona mwili wa binadamu uliochakaa kupita umri wake. Aliuliza kwa nini mtu huyu, aliyepata heshima kubwa kiasi hicho, alimaliza maisha yake akiwa amechanganyikiwa, fukara, na wakati mwingine akilala ndani ya gari lake. Ubongo wake kwa nje ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika, aliuchunguza zaidi, kwa gharama yake mwenyewe, akakuta dalili za ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwani mara nyingi, ule unaojulikana kwa kifupi kama CTE.

Yeye na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 2005. Mwaka uliofuata madaktari wa kamati ya ligi waliandika kutaka makala hiyo ifutwe. Ilichukua miaka kumi zaidi, hadi Machi 2016, ndipo ofisa wa ngazi ya juu wa ligi alipokiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba uhusiano kati ya mchezo huo na ugonjwa huo upo.

Hapa methali yetu inapata maana kamili: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mamilioni waliutazama mchezo kwa upendo na hawakuona. Mgeni asiye na timu akaona. Si kwamba wenyeji walikuwa watu wabaya. Shangwe ina tabia ya kuwafunika waliolipia gharama yake. Nasi Wakristo tunaufahamu mkasa kama huo. Wanafunzi wawili wa Emau walimshangaa msafiri waliyekutana naye, wakidhani ni mgeni pekee asiyejua yaliyotukia Yerusalemu (rej. Lk 24:18). Kumbe yeye ndiye aliyejua, na ndiye aliyewafumbua macho.

Kanisa linatufundisha nini

Kanisa halichukii michezo. Mtakatifu Paulo aliwatumia Wakorintho mfano wa wakimbiaji, akawakumbusha kwamba taji la uwanjani huharibika, ilhali tunalolikimbilia sisi haliharibiki (rej. 1Kor 9:24-25). Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alituma ujumbe wa video kwa ajili ya Super Bowl ya mwaka 2017, akieleza kwamba matukio makubwa ya michezo yanaweza kujenga utamaduni wa watu kukutana na ulimwengu wa amani.

Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2289) inaonya juu ya kuuabudu mwili na kuyafanya mafanikio ya michezo kuwa sanamu, kwa kuwa mtazamo huo hupendelea wenye nguvu na kuwaacha wanyonge. Webster alikuwa mwenye nguvu aliyegeuka mnyonge, na alipogeuka kamera zilikuwa zimekwisha kuondoka. Katekisimu hiyo hiyo (na. 2413) inafundisha kwamba michezo ya bahati nasibu na kubashiri haikubaliki kimaadili inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Marekani imeona kamari ya michezo ikienea katika majimbo mengi tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Mei 2018. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Karo za shule na fedha za pembejeo zinapotea kwenye mikeka ya kubashiri katika vijiji vyetu.

Zamu yetu inakuja

Agosti 2025 nchi zetu tatu ziliandaa CHAN kwa pamoja, na tulifurahi kuona viwanja vikijaa. AFCON itakuwa kubwa zaidi. Wageni watakuja na kamera zao, na wataona tulichotaka wakione pamoja na ambacho hatukutaka. Wataona viwanja vipya. Wataona pia mmachinga aliyeondoshwa barabarani ili mji upendeze, na mtoto anayeokota chupa nje ya geti. Mgeni akisema, tusiharakishe kumwita adui wa taifa. Tusikilize kwanza kama anasema kweli.

Tusisubiri wageni, wapendwa waamini. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, au siku yoyote timu yetu inapocheza, mzazi na aketi na watoto wake awaulize: nani katika uwanja huu hatazamwi? Mchezaji aliyeumia mwaka jana yuko wapi leo? Dominika ibaki siku ya Bwana kwanza: Misa Takatifu isisukumwe pembeni na ratiba ya mechi. Na fedha ambayo ingekwenda kwenye kubashiri ipewe kazi nyingine.

Kwa hilo tunao mfano kutoka Marekani kwenyewe. Mwaka 1990, vijana wa kanisa moja la Kipresbiteri huko Columbia, South Carolina, walisimama mlangoni Dominika ya Super Bowl na kuomba kila mtu dola moja kwa ajili ya wenye njaa. Wazo hilo likaenea katika makanisa mengi nchini mwao. Jumuiya ndogondogo ya Kikristo inaweza kufanya vivyo hivyo siku ya mechi kubwa: kila shabiki alete kibaba cha unga au shilingi kidogo, na kabla ya mpira kuanza vipelekwe nyumba ambayo jumuiya inaijua kuwa haina chakula.

Bwana atujalie macho ya kumwona jirani hata katikati ya shangwe, na masikio ya kumsikia mgeni anapotuambia ukweli.